Mbwa wa kuokolewa yuko chini ya ngazi wiki ya pili sasa, nimrudishe au nivumilie?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo daktari. Tunakaa Goba, mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 10 na 6, na dada wa kazi. Tumechukua mbwa jike kituo cha kuokoa wanyama, wanakadiria ana mwaka na nusu, walimkuta kafungwa waya shingoni mpaka umezama kwenye nyama. Tumemwita Popi. Hii ni wiki ya pili, anakaa tu chini ya ngazi, hali mpaka tuondoke, na juzi kamngurumia mwanangu mdogo aliposogelea bakuli. Dada anamwogopa. Mume wangu anasema mbwa koko hafugiki, tumrudishe tununue kitoto cha German Shepherd atulindie nyumba. Halafu majirani zetu ni Waislamu, wameshaanza kunung'unika. Je atabadilika kweli au nimrudishe?"

Marahaba dada yangu, na pole. Nianze na jibu kabisa ili ulale usingizi leo: usimrudishe bado. Hayo yote uliyoandika, kujificha, kula mkishaondoka, kumngurumia mtoto kwenye bakuli, kwa mbwa aliyetoka kwenye waya ni mambo ya kawaida ya wiki ya pili, na kwenye maelezo yako yote sijaona mbwa mkali, nimeona mbwa anayeogopa. Huyo mnayemwona sasa hivi bado sio Popi, ni hofu ya Popi. Popi mwenyewe mtamjua akishatimiza miezi mitatu au minne kwenu, na kumhukumu leo ni sawa na kumhukumu mtu kwa tabia aliyokuwa nayo siku kalala na malaria.

Watu wanaookoa mbwa wana hesabu yao ya tatu tatu, siku 3, wiki 3, miezi 3. Siku 3 za mwanzo mbwa hajui yuko wapi, wengine hawali kabisa, wengine wanashika hata haja. Wiki 3 anaanza kuelewa nyumba inaendaje, nani anaamka wa kwanza, geti linafunguliwa saa ngapi, chakula kinatokea wapi. Miezi 3 ndo anaanza kuamini kwamba hapa ndo kwake. Sio sheria hiyo, wapo wanaofunguka siku ya tano na wapo wanaochukua mwaka mzima, na kwa mbwa mwenye kovu la waya shingoni mimi ningejipanga kwa muda mrefu zaidi kuliko mfupi, ila inakusaidia kujua kwamba nyie mko katikati ya wiki 3 na mnadai matokeo ya miezi 3.

Tuongelee huo waya maana watu wanaupita haraka sana. Kinachotokea mara nyingi ni hivi, mtu anamfunga kitoto cha mbwa kamba au waya akiwa mdogo, mbwa anakua shingo inakua, waya haukui, unazama taratibu mpaka ngozi inaufunika. Sasa fikiria kila mkono uliowahi kumkaribia shingoni ulikuja na maumivu, hata wa yule aliyekuja kumkata waya, maana na yeye alimuumiza kabla ya kumsaidia. Kwa hiyo mkono unaotoka juu kumshika kichwani, kile ambacho sisi watu tunakiona ni kumbembeleza, kwake ni tishio. Watoto waambie kwa lugha rahisi, Popi hashikwi kichwani. Na usimvalishe kola shingoni kwa sasa, tafuta ule mkanda wa kifuani unaopita chini ya makwapa, ukikosa dukani mshona mabegi au fundi viatu anakutengenezea wa turubai vizuri tu. Na mnyororo usiingie kwenye hiyo nyumba kabisa. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kumtesa mnyama ni kosa, watu wengi hawajui hata kama ipo.

Sasa chini ya ngazi. Muache. Tena pendezesha hapo, weka godoro la zamani au gunia safi lililokunjwa, ning'iniza kanga ishuke kama pazia nusu, maji yawe karibu ili asilazimike kuvuka sebule nzima kwenda kunywa. Mtu yeyote asimtoe kwa nguvu, asimvute, asiinamishe kichwa kumchungulia, na wageni wasipelekwe "njoo umuone mbwa wetu". Mbwa akiwa na sehemu moja ambayo hakuna anayemfuata anatoka mwenyewe mapema zaidi kuliko anayevutwa vutwa kila siku, hili nimeliona kwa wateja wengi sana na halijawahi kunishangaza.

Kila siku, muda ule ule, kaa chini sebuleni kama mita tatu kutoka alipo, mpe ubavu usimtazame, fanya mambo yako, menya viazi, soma simu, na kila baada ya muda rusha kipande kidogo cha nyama au dagaa mmoja upande wake. Usiseme njoo. Usirushe karibu na wewe kumtega, rusha karibu na yeye. Baada ya siku kadhaa utaona shingo inatoka, halafu mguu mmoja, halafu anakuja kuokota anakimbia. Hapo usishangilie kwa sauti maana ndo utamrudisha, endelea na viazi vyako. Mbwa ana dirisha lake la kuzoea dunia, kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 toka azaliwe, anachokizoea kipindi hicho hakimsumbui ukubwani, watoto, pikipiki, ufagio, redio. Yeye dirisha hilo lilipita akiwa kwenye waya, so ni lazima ajifunze kimoja kimoja akiwa mkubwa, inawezekana kabisa, ila inachukua muda.

Sasa la mtoto na bakuli, hapa ndo naomba usome mara mbili.

Kunguruma ni msaada. Mbwa anayenguruma anakupa taarifa kabla hajauma, na kosa kubwa linalofanyika majumbani ni kumchapa mbwa kwa sababu kanguruma. Ukimchapa hofu haiishi, anachoacha ni kutoa taarifa, halafu siku nyingine anauma bila mlio wowote na watu wanasema "alibadilika ghafla". Hakubadilika, alifundishwa kunyamaza. Na kabla hata ya kunguruma huwa anaongea na mwili, anageuza uso pembeni, anajilamba pua wakati hamna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mkia unaingia katikati ya miguu, mwili unakakamaa. Mkubwa wako wa miaka 10 anaweza kufundishwa dalili hizo vizuri, watoto wa umri huo wakipewa kazi ya kumsoma mbwa wanakuwa makini kuliko sisi. Wa miaka 6 bado, huyo mpe kanuni moja tu, Popi akiwa anakula au amelala hakuna kumsogelea, na hiyo kanuni mlinzi wake ni wewe sio mtoto.

Mbwa aliyewahi kushinda na njaa analinda bakuli kwa sababu kwenye maisha yake kila aliyesogea alikuja kunyang'anya. Mnachotakiwa kumfundisha ni kinyume chake, mtu akisogea bakuli linaongezeka. Alishe mtu mzima tu kwa sasa, sehemu tulivu, watoto wakiwa chumba kingine na mlango umefungwa. Akishaanza kula mtu akiwepo, pita kwa mbali, pale ambapo hata hanyanyui kichwa, rusha kipande cha kitu kitamu kuliko kilichopo kwenye bakuli, halafu endelea na safari yako. Kesho hivyo hivyo. Wiki ijayo hatua moja karibu. Ukiona kakakamaa ujue umekwenda haraka, rudi nyuma. Msimnyang'anye bakuli kumwonyesha nani bosi, hayo mafundisho ya kumtawala mbwa ni ya zamani na kwa mbwa mwoga yanaharibu kila kitu mlichojenga. Na mpaka nitakapokwambia vingine, au daktari wenu atakapowaambia, mtoto wa miaka 6 na Popi wasibaki peke yao hata dakika moja ya wewe kwenda kuzima jiko. Hilo ningelisema kwa mbwa yeyote yule, hata aliyezaliwa humo ndani.

Nikiwa hapo hapo kwenye meno, kichaa cha mbwa. Muulize mtu wa kituo kadi ya chanjo, usikubali "tulishamchanja" ya mdomo, uone tarehe na sahihi ya daktari. Kama haipo mchanje wiki hii, halafu kila mwaka. Duniani inakadiriwa watu kama 59,000 wanakufa kwa huu ugonjwa kila mwaka, karibu wote wanaupata kwa mbwa, na kama asilimia 40 ya wanaofariki ni watoto chini ya miaka 15, wengi wao Afrika na Asia, yani ni sisi hawa hawa. Na ni ugonjwa unaozuilika kabisa, Pemba walichanja mbwa kwa mfululizo kichaa kikapotea kisiwani 2014, kikaingia tena 2016, wakachanja tena mpaka kufikia mwisho wa 2018 kikaisha tena. Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyu wenu mwenye chanjo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kuangalia saa, usiweke pilipili wala mafuta ya taa wala majivu, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikae kusubiri dalili, zikishaanza hakuna dawa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na maeneo mengi huwa wanachanja bure kipindi hicho, ulizia kwa afisa mifugo wa kata yenu.

Kuna vitu vya afya vingine ambavyo kwa mbwa wa mtaani navitegemea kabla hata sijamshika. Cha kwanza ni kupe, na sio kupe wenyewe wanaoniogopesha, ni homa wanazoacha. Mbwa anakuwa mnyonge, hali vizuri, fizi zinapauka, wengine wanatokwa damu puani. Sasa angalia, hizo dalili mbili za mwanzo ni zile zile unazoziona kwa Popi na sote tunasema ni hofu! Kwa hiyo mfunue mdomo pale atakapokubali, au mvizie akihema mdomo wazi, fizi ziwe na rangi ya waridi, zikiwa nyeupe au manjano usisubiri, mpeleke akapimwe damu. Zile zinazotokana na bakteria zinatibika vizuri kwa vidonge vya doxycycline vikimezwa mpaka dozi iishe, kawaida ni kama wiki nne, tatizo watu wanaona mbwa kachangamka siku ya tano wanaacha. Zile nyingine za vijidudu vya kwenye damu zina dawa yake tofauti, ndo maana nasema apimwe kwanza. Halafu wale kupe wa kahawia wa mbwa wanaishi kwenye nyufa za ukuta na banda, sio kwenye mbwa tu, kwa hiyo ukimwogesha mbwa ukaacha nyufa utawaona tena muda si mrefu. Na kuna watu wanawapulizia mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria kwa macho, nawaomba sana waache, mbwa analamba manyoya yake, wanafika kwangu wanatetemeka na mate yanawatoka.

Minyoo, kila miezi mitatu, na hii ni kwa ajili ya watoto wako pia maana wa mbwa wanaingia kwa binadamu, hasa watoto wanaocheza na mchanga peku. Ukurutu, kama ana mabaka yasiyo na manyoya apelekwe akakwanguliwe ngozi ipimwe. Na kwa sababu ni jike wa mtaani aliyekomaa, mwambie daktari amwangalie sehemu ya uzazi kama kuna uvimbe mwekundu kama koliflawa au damu inayodondoka nje ya siku zake za joto, yani za kutaka dume, kuna saratani moja ya mbwa inaambukizwa kwa kupandana, inatisha kuitazama lakini ni moja ya saratani zinazotibika vizuri sana, sindano mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa na mbwa wengi wanapona kabisa. Nakutajia ili usije ukaambiwa na mtu wa mtaani kwamba dawa yake ni kumuua.

Na afungwe kizazi. Kama kituo hakijamfunga, panga akishatimiza miezi miwili au mitatu kwenu na ametulia, sio leo. Jike anaingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba ni kama siku 63, anazaa wanne, sita, nane, wote hao mtawapeleka wapi? Wale vitoto unaowakuta kwenye maboksi pembeni ya jalala wanatoka kwa mbwa wenye wenyewe, nyumba zenye geti kabisa. Dume wa mtaa mzima watahamia nje kwenu wakipigana usiku, na hapo majirani watakuwa na haki ya kulalamika.

Chakula sitakaa sana. Ugali wa dona na dagaa au utumbo uliochemshwa, boga au mchicha kidogo, bila chumvi, mara mbili kwa siku, inatosha kabisa, ila uwiano uangaliwe, watu wanapika ndoo ya ugali na vichwa viwili vya dagaa wanashangaa mbwa hanenepi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano. Vitunguu, chokoleti, zabibu hapana, na zile big jii zisizo na sukari zina kiungo kinaitwa xylitol kinaweza kumuua mbwa kwa kipande kidogo tu, watoto wasimpe. Kwa kuwa hali mbele ya watu, weka bakuli, ondoka, rudi baada ya dakika 20 uondoe bakuli akishaliacha, hata kama hajamaliza. Ratiba ndo inamtuliza, sio wingi.

Dada wa kazi naomba umsaidie na yeye, maana yeye ndo anashinda na Popi kutwa nzima kuliko nyie wote. Usimlazimishe wala usimcheke. Mpe kazi ya kuweka bakuli la mchana, aweke mbali aondoke, basi. Woga wao utapungua pamoja, mara nyingi kwenye nyumba za namna hii mtu ambaye mbwa anamfuata mwisho wa siku ni yule yule aliyekuwa anamwogopa, kwa sababu alikuwa mtulivu kuliko wengine, hakumsogelea wala kumbembeleza, na mbwa mwoga anampenda mtu wa hivyo.

Haya, shemeji. Namheshimu na naelewa anachotaka, anataka nyumba iwe salama. Ila hili la mbwa koko hafugiki naomba nimpinge. Hawa mbwa wetu wa mtaani sio takataka za mbwa wa kizungu waliochanganyika. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Afrika, Adam Boyko na wenzake, walipima mbwa wa Misri, Uganda na Namibia, na wakakuta wa Misri na Uganda kwa sehemu kubwa ni mbwa wa asili ya huku huku wenye ukoo wao, wale wa Namibia ya kati ndo walikuwa na damu nyingi ya Ulaya. Yani hawa wameishi na watu wa huku vizazi na vizazi, joto wanalijua, wanakula kidogo, na kwa kawaida hawasumbuliwi sana na yale magonjwa ya kurithi ya mbwa wa mbegu maalum. German Shepherd ni mbwa mzuri sana, sina ugomvi naye, ila ana matatizo ya nyonga yanayojulikana dunia nzima, manyoya mazito kwenye joto la Dar, anakula sana, na akikosa mazoezi na mafunzo anakuwa hatari kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 6 kuliko Popi. Na kitoto cha mbwa wa aina yoyote kwa mwaka mzima hakilindi kitu, kinakojoa na kutafuna viatu tu.

Na ulinzi shemeji ataupata. Mbwa koko ana masikio makali sana, mtu akishika ukuta yeye anajua. Kumbuka nyumba nyingi mlinzi wa kweli ni mlio, mwizi akisikia kelele anakwenda nyumba nyingine, hamhitaji mbwa wa kurarua watu mkaishia polisi na kulipa matibabu ya muuza maziwa. Popi sasa hivi habweki kwa sababu habweki mtu anayejificha. Siku ya kwanza akibweka getini mtajua amekubali kwamba hiyo ni nyumba yake, wateja wangu wengi hiyo siku wananipigia simu kwa furaha kana kwamba mtoto kafaulu darasa la saba. Muombe shemeji miezi mitatu, kwa tarehe kabisa, muandike kwenye kalenda, mwanaume akipewa tarehe anatulia.

Majirani. Hili ni la heshima na lisichukuliwe kama ni usumbufu tu. Huku pwani Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa kwao ni najisi nzito, akiguswa nayo nguo au chombo ni kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, sasa fikiria mtu ametawadha anaelekea msikitini halafu mbwa wenu anamrukia kwa mapenzi. Kafuge, lakini isiwe mzigo kwa mwenzio. Nenda mwenyewe na mumeo, hodi, salamu, kaeni, waambieni tumechukua mbwa, ana chanjo, hatatoka getini bila kamba, na kama kuna njia anayopita mzee kwenda swala tuambie tusimpitishe hapo muda huo. Sehemu yake ya kulala isiwe kwenye ukuta wa jirani, kinyesi kizolewe kila asubuhi. Na wengi wanajua kwamba kufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, mifugo au kuwinda kunaruhusiwa, na ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake na Mungu akamsamehe ni wao wenyewe watakusimulia. Kitu kingine ambacho kinaleta ugomvi bila sababu, mbwa wengi wanalia kwa kuvuta sauti wakisikia adhana, watu wanadhani ana mashetani au anadharau. Anaitikia sauti ndefu tu, kama anavyoitikia king'ora cha gari la wagonjwa. Muingize ndani alfajiri, mrushie chakula wakati adhana inaendelea, atazoea kukaa kimya.

Geti, geti, geti. Mbwa mwoga akitoka harudi, anakimbia hadi achoke, na Goba kuna mabonde na mapori mtazunguka usiku kucha. Miezi hii ya kwanza hata ndani ya fensi awe na kamba ndefu nyepesi imefungwa kwenye ule mkanda wa kifuani, inaburuzika tu wakati mtu mzima yupo, ili siku akichoropoka ukanyage kamba badala ya kumkimbiza. Mkandani shona kitambaa chenye namba yako ya simu. Matembezi yaanze alfajiri barabara ikiwa tulivu, bajaji na bodaboda mtaziongeza mdogo mdogo. Mvua kubwa za radi na fataki za mwaka mpya mfungie ndani, kwenye ngazi yake, redio kwa sauti ya kawaida.

Umeniuliza kama atabadilika, na nataka ujue unachokisubiri ili usikipite. Haitakuja siku moja kubwa. Utakuwa unafua, utageuka, utamkuta amelala kivulini mita mbili kutoka kwako kwa ubavu, miguu imenyooshwa. Mbwa anayeogopa halali kwa ubavu, analala amejikunja tayari kukimbia, kwa hiyo hiyo ni barua yake ya kwanza kwako. Halafu ncha ya mkia itatikisika ukirudi kazini, ncha tu. Halafu atakuletea kandambili. Halafu jioni moja atakimbia uani mizunguko mizunguko kama mwehu, masikio yamelala nyuma, watoto watacheka mpaka wakae chini, na mbwa wa mwaka na nusu ambaye hajawahi kucheza maishani atakuwa anajifunza kucheza kwa watoto wako. Wanao watakuwa wameona kwa macho yao kwamba kiumbe aliyeumizwa anaweza kuamini tena, na kwamba ni wao waliofanya hivyo kwa kukaa kimya na kusubiri. Sijui kitu kingine cha kuwapa watoto kinachokaribia hicho.

Sasa na upande wa pili, maana sitaki nikufiche. Zipo nyumba na mbwa ambao hawaendani. Kama ameuma mtu kwa kushikilia bila kuachia au bila dalili yoyote, kama anamfuata mtoto alipo badala ya kumkimbia, kama baada ya miezi mitatu ya kufuata haya yote bado hali wala hatoki kabisa, hapo tuongee upya, na kumrudisha sio dhambi. Ila arudishwe kituo kile kile mlichomtoa, kwa mkono, na maelezo yote muwaambie ukweli ili familia inayofuata ijue. Usimpe mlinzi wa jirani, usimpeleke shamba "akajitafutie", usimfungulie geti. Mbwa aliyeonja nyumba akirudi barabarani anaweza kufa mapema.

Kwa wiki hii fanya matatu: kadi ya chanjo uione, fizi uziangalie, na mtoto na bakuli visikutane. Mwache mtu mmoja amrekodi kwa simu akiwa anakula, kwa mbali, aiache simu pale aondoke, dakika mbili tatu zinatosha, unitumie. Nikiona anavyosimama wakati anakula ntakwambia hatua ya pili.